Kadi ya NVIDIA kwenye Ubuntu: Nouveau au draiva ya kampuni?

Kwa bei, draiva hizi mbili (programu zinazoendesha kadi ya michoro) hazitofautiani, kwani zote hupatikana bure. Nouveau, draiva huria iliyoingizwa katika kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux mwaka 2010, huitambua kadi kompyuta inapowaka na haidai matunzo; lakini kadi za GTX 900 na 1000 huziacha zikienda mwendo wa kobe, kwa kuwa hazipandishi kasi bila programu-dhibiti yenye saini ya NVIDIA. Draiva ya kampuni hushinda wazi kwa michezo na CUDA (mfumo wa NVIDIA wa kufanyia hesabu kwenye kadi), ila moduli yake, yaani kipande kinachopachikwa kwenye kerneli, lazima ilingane na kila kerneli mpya, na Secure Boot (ulinzi wa kompyuta inapowaka) huikataa isipokuwa na saini. Moduli isipolingana, skrini nyeusi asubuhi ya kazi, kwangu, nayo ni gharama. Mwandishi wa barua atatosheka na Nouveau, mhariri wa video hatatosheka. Kadi kongwe iliyokwisha kuachwa na kampuni haina hiari ila Nouveau.