Mbegu za Nyasi kwa Maeneo ya Baridi: Zipi Ununue, Zipi Uziache Dukani

Ukitaka kununua mbegu za nyasi, geuza mfuko. Mbele kuna picha tu: uwanja wa kijani kibichi, mbwa amejilaza, jua la kupendeza. Nyuma, karibu na mshono wa chini, kuna lebo ya herufi ndogo za kumfanya mtu afumbe jicho moja ili asome, na hapo ndipo ilipoandikwa bidhaa yenyewe. Mimi niliwahi kununua kwa kutazama mbele. Kisa hicho nitakisimulia nikifika nafasi ya mwisho ya orodha hii ya mbegu tano, niliyoipanga kuanzia iliyo bora, kwa sababu mbegu niliyonunua siku ile ndiyo inayoishika.

Kwanza tuelewane kuhusu aina. Nyasi za maeneo ya baridi si ukoka. Ukoka hupenda joto, na jalidi ya kwanza ikianguka hugeuka rangi ya makuti makavu, ukalala hivyo miezi mingi. Nyasi za baridi zina tabia nyingine: hustawi hewa ikiwa kati ya nyuzijoto 15 na 24, kwa hiyo hukua kwa nguvu mara mbili kwa mwaka, wakati wa machipuko na tena kiangazi kinapoyoyoma. Joto likizidi katikati ya kiangazi husinzia. Mtu akiziona zimekauka mwezi wa jua kali hudhani zimekufa, akakimbilia dukani kununua mbegu katika msimu mbaya kuliko yote.

Lebo inasema nini

Tafuta mambo matano: majina ya nyasi na asilimia ya kila moja kwa uzito, uotaji, makapi, mbegu za magugu, na tarehe ya kupimwa.

Majina yasome kwa Kilatini kama yapo. Majina ya biashara hubadilika nchi hadi nchi, na neno moja kama "raigrasi" hubeba mimea miwili yenye tabia tofauti kabisa. Kilatini hakikupotezi sana, ingawa nacho kina vituko vyake: feskyu ndefu utaikuta imeandikwa *Festuca arundinacea*, *Schedonorus arundinaceus* au *Lolium arundinaceum*, na zote ni nyasi ileile.

Magugu yasizidi nusu ya asilimia. Ila mimi huogopa zaidi mstari unaosema "mbegu za mazao mengine". Unaonekana hauna neno, lakini mazao hayo mara nyingi ni nyasi za malisho zenye majani mapana, na zikishaota katikati ya uwanja hakuna dawa ya kuziua bila kuua na nyasi zako. Utazing'oa moja moja kwa mkono, mwaka hadi mwaka. Hapo nataka kuona sifuri au karibu na sifuri.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi wanapopunjwa. Chukua mfuko wa kilo 10 wenye usafi wa 98%, yaani sehemu ya uzito iliyo mbegu za nyasi zenyewe, na uotaji wa 90%. Zidisha: unapata kilo 8.8 za mbegu zilizo hai. Kando yake kuna mfuko mwingine wa kilo 10, mbegu zake zimepakwa ganda la rangi la kushika unyevu. Ganda hilo lina kazi yake, lakini linaweza kuwa nusu nzima ya uzito. Mbegu ikiwa 49% na uotaji 85%, umebeba kilo 4.2 za mbegu hai na kilo 5 za ganda. Mfuko huo usipouzwa chini ya nusu ya bei ya ule wa kwanza, uache palepale.

1. Feskyu ndefu pamoja na blugrasi kidogo

Kwa uwanja wa kawaida wa nyumbani, wenye watoto, kivuli kiasi na mwenye nyumba asiyetaka kumwagilia kila jioni, nasema hii. Mizizi ya feskyu ndefu huweza kushuka zaidi ya nusu mita ardhini, ndiyo maana ukame wa wiki mbili tatu hauitikisi kama unavyotikisa nyingine. Haidai mbolea nyingi. Huota kwa siku 7 hadi 14.

Kasoro yake ni kwamba huota kwa mashina yanayosimama vishada vishada. Pakitokea upara, kwa mfano mahali palipowekwa bwawa la plastiki la watoto, hapazibiki penyewe. Dawa ya hilo ni blugrasi, ambayo hutambaa chini kwa chini. Mchanganyiko unaozoeleka ni 90% feskyu na 10% blugrasi kwa uzito. Usidhani hiyo 10 ni chumvi tu ya kuonjea: gramu moja ya feskyu ndefu ina mbegu kama 500, lakini gramu ya blugrasi ina zaidi ya 2,000, kwa hiyo kwa idadi ya mbegu blugrasi inakaribia theluthi au zaidi ya mfuko.

Angalia pia kizazi cha feskyu yenyewe. Ile ya zamani inayoitwa Kentucky 31 iliokotwa kwenye shamba moja la mlimani huko Kentucky, Marekani, mwaka 1931, ikaachiwa wakulima mwaka 1943. Ni nyasi ngumu isiyokufa ovyo, na bado inauzwa kwa bei ya chini, lakini jani lake ni pana na linakwaruza. Ni ya malisho na kingo za barabara. Aina mpya zilizozalishwa kwa ajili ya viwanja zina jani jembamba na rangi iliyokolea. Lebo ikiandika "feskyu ndefu" bila jina la aina, shuku.

Na kama una ng'ombe, kondoo au farasi, soma hapa mara mbili. Aina nyingi za feskyu ndefu na raigrasi za viwanjani hubeba kuvu anayeishi ndani ya jani. Kuvu huyo huisaidia nyasi kwa kufukuza wadudu wanaotafuna majani, na wauzaji humtaja kama sifa. Lakini sumu yake huwadhuru wanyama wanaokula nyasi. Majani uliyoyakata kwenye uwanja wa namna hiyo yaache yaoze palepale au yatie kwenye lundo la mboji; usiyapeleke zizini.

Mahali ambapo majira ya baridi ni makali sana na barafu hukaa juu ya ardhi wiki nyingi, feskyu ndefu huweza kufa vipande vipande. Huko nafasi ya kwanza inahamia kwa inayofuata.

2. Blugrasi, peke yake au kwa mseto

*Poa pratensis*. Ina jina la Kentucky lakini asili yake ni Ulaya na Asia. Ilivuka bahari pamoja na walowezi. Kwa uzuri wa uwanja haina mpinzani, na kwa kuhimili baridi kali inazipita nyingine zote hapa. Mashina yake yanayotambaa chini ya udongo huziba vidonda yenyewe, na ukame ukija hulala, ikaamka mvua ikirudi.

Inakuponza usipokuwa na subira. Huchukua siku 14 hadi 30 kuota, na siku zote hizo udongo wa juu usikauke. Nimeona mtu akikata tamaa siku ya 15, akapiga reki upya na kumwaga mbegu nyingine, akaharibu zilizokuwa zinakaribia kutoa kichwa. Hudai jua, maji na mbolea kuliko feskyu. Kama uwanja wako una miti mingi, usihangaike nayo.

Watengenezaji wa mseto huongeza raigrasi ili kitu kionekane kijani mapema. Sawa, ila raigrasi ikipita 20% kwa uzito, huota kwanza, ikajinyakulia jua na nafasi, na blugrasi uliyoilipia haionekani tena.

3. Raigrasi ya kudumu

*Lolium perenne* huota kwa siku 5 hadi 10, hukanyagwa na kunyanyuka. Viwanja vya tenisi vya Wimbledon vimepandwa raigrasi hii tupu tangu 2001, baada ya miaka ya kuichanganya na feskyu nyekundu, na wakati wa mashindano hukatwa kufikia milimita 8. Usijaribu kimo hicho nyumbani. Wao wana mafundi wa kutwa nzima.

Nimeiweka ya tatu kwa sababu haihimili baridi ya kupindukia wala ukame mrefu, na nayo huota kwa vishada. Lakini ukiwa mahali penye majira ya baridi ya upole na mvua za mara kwa mara, kama sehemu kubwa ya Uingereza, ipandishe iwe ya kwanza, ikichanganywa na feskyu nyekundu. Na kwa kuziba upara wa ghafla popote pale, mfuko mdogo wa raigrasi hii ndio huwa nauweka akiba.

4. Feskyu nyembamba

Chini ya miti, udongo hafifu, mwenye nyumba asiyependa kukata nyasi: chukua hii. Feskyu nyekundu na jamaa zake wana majani membamba kama nywele na hawataki mbolea nyingi. Hawapendi kukanyagwa. Na kama kivuli ni kizito kiasi kwamba jua halifiki hata saa chache, hakuna nyasi itakayokubali hapo. Panda mimea ya kivulini, pesa ya mbegu iache mfukoni.

Pembeni nitaje klova nyeupe, ambayo si nyasi. Hunasa naitrojeni hewani, hubaki kijani wakati nyasi zimesinzia, na ikichanganywa kidogo hupunguza hitaji la mbolea. Huita nyuki, jambo zuri hadi mtoto anapotembea peku. Na dawa za magugu ya majani mapana huiua.

5. Ya mwisho: raigrasi ya mwaka mmoja

*Lolium multiflorum*. Hii ndiyo niliyonunua. Mfuko uliandikwa kwa herufi kubwa kwamba ungeota haraka, na kweli siku ya sita uwanja ulikuwa kama zulia. Majirani walisifu, nami nikasifika. Kiangazi kilichofuata kikaja, zulia likaondoka lote, likaniachia udongo na magugu yaliyofurahia nafasi. Lebo ilikuwa imesema ukweli tangu mwanzo: zaidi ya nusu ya mfuko ilikuwa nyasi inayomaliza maisha yake ndani ya mwaka. Ina kazi moja halali, kushika udongo wa mteremko usimomonyoke kwa muda. Kwa uwanja wa kudumu, hata ukipewa bure usiipande.

Kiasi na wakati

Pima uwanja kwa hatua au kwa kamba kabla ya kwenda dukani. Feskyu ndefu na raigrasi huhitaji gramu 30 hadi 40 kwa kila mita ya mraba kwenye udongo mtupu. Feskyu nyembamba 20 hadi 25. Blugrasi 10 hadi 15 tu, kwa udogo wa mbegu zake. Ukiwa unaongezea kwenye nyasi zilizopo, nusu ya hapo inatosha. Uwanja mpya wa mita 200 za mraba wa feskyu ndefu utameza kilo 6 hadi 8. Kuzidisha hakusaidii: miche ikibanana huumwa na kuoza.

Nunua kiangazi kinapoelekea mwisho, ili upande wiki sita au zaidi kabla ya jalidi nzito. Wakati huo udongo bado una joto la kuotesha, hewa imepoa, na magugu ya kiangazi yanaaga. Maduka hujaza mifuko wakati wa machipuko kwa sababu ndipo watu wanapokumbuka bustani. Ukilazimika kupanda wakati huo, tazama kitu kimoja: mbolea nyingi za machipuko zimechanganywa na dawa ya kuzuia magugu yasiote, na dawa hiyo haichagui, huzuia na mbegu zako. Usibebe vyote viwili siku moja.

Mfuko uliobaki ufunge, uweke mahali pakavu na pa baridi. Mwaka ukipita, hesabu mbegu 100, zikunje kwenye kitambaa kibichi, uziache ndani ya nyumba muda wa kuota wa aina hiyo, kisha uhesabu zilizotoa mzizi. Zikiwa 60, ongeza kipimo. Zikiwa 30, wamwagie kuku, mradi lebo haisemi kwamba zimepakwa dawa.