Msumeno wa betri wa inchi 6 kwenye miparachichi: miezi miwili baadaye

Haya jamani karibuni tena shambani, tuko Njombe, baridi kama kawaida, na hiki nilichoshika ndo kile kimsumeno cha betri mlichokuwa mnaniuliza kila siku. Upanga wake, yaani kile chuma kinachozungukwa na cheni, ni inchi 6, unakishika mkono mmoja, nimekitumia miezi miwili kupogoa miparachichi yangu ya aina ya Hass baada ya kuvuna na sasa naweza kukiongelea vizuri.

Kwanza kinakata. Angalia tawi hili, unene wa kifundo cha mkono, sikizeni... limeisha. Na oneni kidonda kilivyo laini, hakuna ganda lililochanika, hapo kwa panga ungepiga mara sita na mti ungebaki na majeraha ya kuingiza ugonjwa, mimi panga kwenye mparachichi sitaki hata kuliona.

Sasa betri, hapa nisikilizeni kwa makini. Mnaona kibandiko kimeandikwa 48V? Nimeifungua, humu ndani kuna seli 5 tu, yaani vibetri vidogo vilivyounganishwa, kila seli ikijaa chaji ni volti 4.2, zidisha mwenyewe, ni 21, hiyo 48 haipo kabisa. Ukifika dukani usidanganyike na namba kubwa, uliza ina seli ngapi, zikiwa 10 zimepangwa safu mbili za tano tano sambamba volti zinabaki zilezile ila inakaa na chaji karibu mara mbili. Betri zangu hizi za seli 5, moja inanipeleka miti mitatu, minne, afu inabidi kubadilisha, na ikitoka ya moto usiichomeke kwenye chaja hapohapo, iache ipoe kwanza.

Kitu kingine ni oili. Hiki changu hakijipaki oili chenyewe, kwa hiyo kila baada ya matawi kadhaa natonesha kwenye cheni, wiki ya kwanza nilikuwa nasahau na upanga ukaanza kutoa moshi, huu weusi hapa pembeni ndo kumbukumbu yake.

Tawi zito usilikate mara moja toka juu, litaanguka na ganda hadi kwenye shina. Anzia chini, ingia kidogo tu, sogea mbele kata toka juu lidondoke, kisha kile kisiki kimalizie karibu na shina lakini ule uvimbe wa shingo ya tawi uache, ndo unaofunga kidonda. Na hii ncha ya upanga isiguse tawi jingine, inaruka kuja usoni na hakina breki ya cheni, kwa hiyo miwani lazima, na ukitaka kukaza cheni chomoa betri kwanza, naomba sana. Ukihama mti futa cheni kwa spiriti usihamishe ugonjwa. Matawi yaliyobaki wazi juani yapake chokaa, ganda la parachichi linaungua haraka.

Mwenye miti mitano nyumbani chukua msumeno wa mkono wa kukunja, unakutosha. Mwenye ekari moja na kuendelea nunua hiki, ila siku hiyohiyo beba na betri ya ziada na cheni mbili za akiba, maana mimi niliporudi dukani kuulizia cheni nikaambiwa hazipo, na matawi nusu yakabaki juu.