Gundi nyeusi ya Toyota (08826-00080) kwenye kava ya taimingi ya 1NZ-FE

Kava ya taimingi (kifuniko cha cheni ya taimingi) ya 1NZ-FE, injini ya Vitz, IST na Probox nyingi, haina gasketi ya karatasi. Inazibwa hasa kwa gundi hii. Ukibadilisha cheni nyumbani, ubora wa kazi utaonekana hapa.

Yenyewe ni nzuri: nzito, haitiririki, haiogopi oili ya moto. Tyubu ya gramu 100 inatosha kava na chenji inabaki. Lakini haisamehe uchafu. Kwangua gundi kuukuu yote bila kuchubua alumini, kisha futa kwa dawa ya kusafishia breki. Mafuta ya taa yanaacha utando, na gundi itabanduka.

Mstari uwe wa milimita 3 hadi 4, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti. Wanaopaka kama siagi ndio wanaojiumiza: ziada hukatikia ndani, huangukia sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la pampu, presha ya oili ikashuka. Ongeza tone pale blok inapokutana na silinda hedi. Uvujaji hupenda kuanzia hapo.

Ina haraka. Funga kava ndani ya dakika 3 baada ya kupaka, kwa hiyo o-ringi mpya na sili ya krenki ziwe tayari. Cheni, tensheni (kikaza cheni) na alama za taimingi vikaguliwe kwanza: zungusha krenki kwa mkono mara mbili. Usitie oili kabla ya muda wa saa 2 kupita. Mimi ningeiacha ilale.

Bei inazidi tyubu za dukani, ila kufungua kava upya ni ghali zaidi.