Kusoma Kiingereza: karatasi au skrini?
Kwa maelezo marefu, mwanafunzi wa Kiingereza aipe karatasi nafasi ya kwanza. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumlisha tafiti 54 ulionyesha wasomaji wa karatasi huelewa zaidi, hasa muda ukiwa mfupi. Kwenye hadithi, tofauti hiyo haikuonekana. Mtoto wa Kidato cha Kwanza anapigia mstari neno gumu, anaandika maana pembeni kwa penseli, na wiki ijayo analikuta palepale.

Simu ina lake: unagusa neno, kamusi inafunguka, matamshi unayasikia. Hilo, karatasi haiwezi, na kwa anayesoma peke yake ni msaada mkubwa mno. Ila ukigusa kila neno, sentensi inakukatikia. Anayejiandaa na TOEFL iBT, mtihani wa Kiingereza unaofanywa kwa kompyuta, aizoee skrini mapema.