Uzoefu wangu: walinijazia maji Bedford ya jeshi bila kutoa upepo

Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota mbili hawa mafundi, na mbili zenyewe kwa sababu waterpampu (ile inayozungusha maji ya kupoza injini) waliyonifungia haijavuja hata tone mpaka leo. Sitaji jina la gereji, iko Morogoro, na ilikuwa mwaka jana kipindi cha mvua.

Gari ni Bedford ya jeshi la Waingereza, ile ya tani nne inayovuta mbele na nyuma, aliniachia marehemu mume wangu na ndiyo imesomesha wanangu. Tunashusha mbao kutoka Mafinga, kurudi tunapakia saruji. Sasa pampu ikaanza kulia njiani, dereva akasema mama tusibahatishe, tukaingia gereji. Wakamwaga maji mbele yangu, ikajaa ndoo ya lita 20 na kidumu cha lita tano juu yake karibu kijae. Hilo nililiona kwa macho yangu, likumbukeni.

Pampu wakafunga vizuri tu. Kwenye kujaza ndo shida. Fundi mkuu akachukua ndoo ya maji ya bomba, kulanti, ile dawa ya kupoza injini, niliyonunua kwa hela yangu imekaa pembeni haijafunguliwa, akamimina yote kwa haraka mpaka rejeta ikatema, na ndani ya ndoo bado yamebaki. Akafunga mfuniko, akasema tayari. Nikamuuliza, fundi, yametoka zaidi ya ndoo, hata ndoo moja haijaisha, hayo mengine yameenda wapi? Hakuniangalia hata usoni. Akasema, "Mama, wewe andaa hela, gari tuachie wanaume." Mbele ya dereva wangu na vijana wake wote. Kuna kijana mmoja msaidizi akanong'ona "bosi, hii haijashiba, ina upepo," yaani hewa imenasa kwenye njia ya maji, akafokewa akanywea. Na mimi nikalipa nikaondoka, na hapo ndipo ninapoumia mpaka leo, maana nilijua kabisa haiko sawa.

Tambarare ilienda vizuri. Tumeanza kupanda mlima Kitonga na mzigo, mshale wa joto ukapanda kidogo, afu ukashuka, ukalala chini kabisa kama gari limetoka kuwashwa. Dereva wangu ni mzee, akaweka gari pembeni hapohapo, utingo akakimbilia mawe ya kuzuia matairi, mvuke unafuka nyuma ya kabini. Mzee akanieleza, sensa ya joto ikishakosa maji inapima hewa, kwa hiyo geji inakudanganya kuwa kumepoa wakati silinda hedi, kichwa cha injini, inaungua. Akanishikisha mipira miwili ya hita ya kabini, inayopitisha maji ya injini, mmoja unaunguza, mwingine wa baridi kama umetoka mtungini. Maji hayazunguki, upepo umeziba katikati.

Tulikaa pale zaidi ya saa mbili mpaka ikapoa, hakuruhusu mtu aguse mfuniko. Akasema gari liko pua juu, mlima wenyewe utatusaidia. Akafungua koki ya hita mpaka mwisho, akalegeza klipu ya mpira wa hita pale juu kabisa, akawa anamimina kulanti yetu na maji kidogokidogo kwa kikombe, utingo anaukamua mpira mkubwa wa juu wa rejeta kama anakamua ng'ombe. Pale kwenye klipu yakaanza kutoka mapovu, pwu, pwu, pwu, dakika nyingi tu, mpaka maji yakatoka mstari mmoja bila povu ndo akakaza. Akawasha, sailensa tu bila kukanyaga mafuta, mfuniko wazi, tukasubiri mpaka mpira wa juu ukawa wa moto ghafla, akasema hiyo ni thamostati imefunguka, kile kilango kinachoachia maji yakishapata moto, na maji yakazama tena, tukaongeza. Kumbe ilikuwa inadai karibu lita tano! Kazi ya nusu saa kama injini imepoa, na huku kwetu Iringa juu mita 1,500 hivi, ambako maji matupu yanachemka kwenye 95, ndo utumie maji ya bomba na upepo ndani?

Tulifika. Lakini wiki ileile oili ikawa nyeupe kama chai ya maziwa kwa kuchanganyika na maji, gasketi ya silinda hedi imeungua, hedi ikapelekwa kuchongwa, gari wiki tatu halifanyi kazi na ada za shule zinadaiwa. Nikampigia fundi, akanijibu gari la kizee hilo, uza chuma chakavu, akakata simu. Hizo nyota mbili nazifuta, sitoi hata moja. Pampu nzuri ndiyo, lakini pampu itasukuma nini kama ndani kuna upepo?

Yule kijana msaidizi simjumuishi. Kama anasoma hapa, siku akifungua gereji yake anitafute, Bedford nampelekea mwenyewe.