ESC ya 30A niliyotumiwa kutoka Kariakoo: kifaa poa, karatasi yake ndo majanga

Wakuu, niko zangu Nkuhungu hapa Dodoma, kuna watu wawili niliwaahidi ntaandika kuhusu hii kitu so acha niandike yaishe. Ni ESC ya 30A, kile kidude kinachokaa kati ya betri na mota kwenye ndege za rimoti kupanga mota izunguke kwa kasi gani, hii yangu haina hata jina, imevalishwa mpira wa njano tu. Niliagiza kwa WhatsApp duka moja la Kariakoo, elfu 38 na hela ya basi juu yake, nimetuma hela saa nne asubuhi, kesho yake mapema niko stendi ya Nanenane nachukua mzigo. Kwenye huduma sina neno kabisa. Ila nilipomuuliza muuzaji inasetiwaje akanirushia voisi ya sekunde 4: "We kaka chomeka tu, inapiga kazi." Hapo ndo kosa lilipoanzia, lake na langu mimi niliyemsikiliza.

Kifaa chenyewe kwanza. Waya nene, laini, zile za silikoni, hazikatikikatiki. Imekuja bila plagi ya betri ikabidi nimpelekee fundi redio anichomelee XT60, na nikamsimamia kichwani, maana ukigeuza nyekundu na nyeusi hapo ni moshi papo hapo na hamna wa kumrudishia. Zile waya tatu za kwenda kwenye mota haziumizi kichwa, mota ikizunguka kinyume unabadilishana zozote mbili mchezo umeisha. Mota yangu ni 2212 ya 1000KV (yaani mizunguko 1000 kwa dakika kwa kila volti), pangaboi, ile propela ya mbele, 10x4.5, betri 3S, yaani ya seli tatu, ya 2200mAh, ukipandisha mafuta yote (tunaita mafuta japo hamna hata tone) inakula kama ampia 15 hivi, so 30A inatosha na chenji inabaki. Usinunue ile inayolingana na mota yako kamili, jua la hapa la mwezi wa kumi litaipika.

Sasa karatasi ya maelekezo. Jamani. Ukurasa mmoja, herufi kama punje za uwele, nusu Kichina nusu Kiingereza cha kubahatisha. Nikaiweka pembeni, nikachomeka kama nilivyoambiwa, mota ikaanza kuzunguka stiki ikiwa imeshapanda karibu nusu, halafu nikipandisha zaidi ya robo tatu hamna kinachoongezeka. Kumbe ESC ilikuwa haijaijua rimoti yangu, haijui chini kabisa ni wapi na juu kabisa ni wapi. Kuitambulisha ni hivi: TOA PANGABOI kwanza, naandika kwa herufi kubwa sababu kidole changu cha shahada kina alama mpaka leo, washa rimoti, pandisha stiki ya mafuta mpaka mwisho, ndo uchomeke betri. Itapiga pii pii, hapo hapo shusha stiki mpaka chini. Itahesabu seli za betri, kwangu pii tatu, halafu mlio mmoja mrefu, imemaliza. Kama umeshusha stiki chini na bado inalialia tu haikubali, angalia kwenye rimoti chaneli ya mafuta isije ikawa imegeuzwa, rimoti za Futaba ndo zina huo mtindo, unaigeuza unarudia.

Nikadhani nimemaliza. Agosti nikaenda nayo Bahi kwa shemeji, kule majaruba yakishakauka ni tambarare safi na uko mbali na ndege za watu, maana uwanja wa Dodoma uko mjini kabisa na mambo ya TCAA, wale mamlaka ya usafiri wa anga, sio ya kuyachezea. Upepo ulikuwa wa kutosha. Ndege imepanda vizuri, dakika ya tatu hivi nakata kona kuelekea upepo nikakaza mafuta, mota ikazima. Kimya. Unasikia upepo kwenye mabawa tu. Mpwa wangu akasema "mjomba umeizima?" nikamwambia sijagusa kitu, na ndege inakuja na pua chini mpaka kwenye tuta la jaruba, pangaboi vipande, pua ya foamu imeingia ndani kama kofia.

Nilimtukana muuzaji kimoyomoyo njia nzima. Ila nyumbani kupima betri ina volti 11.4, haijaisha hata! Ndo nikakaa na ile karatasi kwa tochi ya simu. Kumbe kuna mpangilio wa kulinda betri, na hii ilikuja imesetiwa kukata moja kwa moja volti ikigusa 3.15 kwa seli, yaani 9.45 kwa betri nzima. Betri yangu ya zamani, ukiikamua ghafla volti inaporomoka sekunde moja halafu inarudi, ila ESC yenyewe imeshaona imeisha, imekata. Na kilichoniuma zaidi, ningeshusha stiki mpaka sifuri nikapandisha tena mota ingewaka. Juu pale nilikuwa nimeikazia stiki kama nasukuma gari.

Kubadilisha unapandisha stiki juu, unachomeka betri, unaziacha zile pii pii za mwanzo zipite, unasubiri kama sekunde 5 upige muziki fulani hivi, hapo umeingia kwenye menyu. Pii moja ni breki, mbili ni aina ya betri, tatu ndo namna ya kukata umeme, nne ni kiwango cha kukatia. Ukisikia unayoitaka unashusha stiki ndani ya sekunde 3, halafu inakusomea machaguo kwa pii zilezile, unapandisha stiki kwenye unalolitaka. Ukichelewa unasubiri izunguke upya. Nilifanya hivyo saa tano usiku, mama watoto akauliza kwa mlango kama nafuga vifaranga. Nimeweka kupunguza nguvu taratibu badala ya kukata. Kiwango nimekiacha hapohapo kati, msidanganyike kukishusha ili mrushe dakika mbili zaidi, betri hizi za LiPo ukiizoesha kwenda chini ya volti 3 kwa seli inavimba. Breki nimeacha imezimwa, hiyo ni ya wenye pangaboi la kukunja.

Malalamiko yangu ya kweli ni BEC, ile sehemu ya ESC inayolisha umeme risiva (inayopokea mawimbi ya rimoti) na servo (vimota vidogo vya kuongozea ndege). Ni ya volti 5 ampia 2, aina ya kizamani inayogeuza volti za ziada kuwa joto. Na servo nne ndogo na 3S ukiigusa baada ya kurusha unatoa mkono. Nimeitoboa ndege tundu la hewa mbele na lingine kubwa zaidi nyuma, imetulia. Servo zaidi ya hapo tafuta nyingine.

Nyota tatu na nusu. Tangu nimeseti imerushwa mara 11 haijazima tena. Naagiza ya pili kwa ndege ya mpwa, duka lilelile, ila safari hii nimemwambia jamaa anifungie na kadi ya kusetia, ile ya kubonyeza unaona taa. Ameniambia "kaka hiyo huihitaji".