Tovuti ya fomu 34A, 2022: nyota nne kati ya tano

Watu wameanza tena zile kelele za "fungua seva", yaani tume ya uchaguzi ya Kenya, IEBC, ifungue kompyuta zake za matokeo tuone, mi nasema kuna siku tulifunguliwa na tukakesha huko ndani. Agosti 2022 IEBC waliweka kwa tovuti fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, vituo 46,229, kila mtu ajionee. Sikulala.

Kuitumia haikuhitaji masomo. Ulikuwa unachagua kaunti, unashuka eneo bunge, wadi, halafu kituo chako, fomu inafunguka. Na si ati ni namba mtu amechapa akiwa Bomas, kule Nairobi kura zilijumlishwa, ni picha ya karatasi yenyewe vile ilitoka kituoni, mwandiko wa PO (msimamizi wa kituo), saba imekatwa mstari katikati, sahihi za maajenti pale chini, muhuri umekaa upande. Mimi nilianza na kituo chetu hapa shule ya msingi juu usiku wa kura nilikuwa nimepiga picha ile fomu ilibandikwa mlangoni, basi nikachukua simu ya wife nikaiweka kando ya yangu nikasoma mstari kwa mstari mpaka nikafika kura za mgombea Wajackoyah (nne, mmoja wa waliompigia namjua). Zikaoana zote. Hapo ndo nikakunywa chai.

Nyota moja nimeinyima juu ya hesabu. Jumla hakukuwa, ulipewa mlima wa fomu na kalkuleta ni yako. Ndo maana kila TV ilikuwa na matokeo yake, hapa Raila anaongoza, ukibadilisha chaneli Ruto yuko mbele, kumbe kila mmoja ameanza na fomu zake, na mwishowe wakanyamaza tu, na hiyo ni kura iliisha Ruto asilimia 50.49, Raila 48.85, unaelewa presha. Kinyozi wangu alikuwa anajumlisha kwa daftari la madeni. Ingawa pia sijui, wangeweka jumla hapo juu nani angejisumbua kufungua fomu?

Kesi ya kupinga ushindi wa Ruto ilipofika Mahakama ya Juu, fomu za tovuti zikalinganishwa na karatasi zenyewe, tofauti ya maana haikupatikana, na Septemba 5 majaji wote saba wakasema kitu kimoja: ushindi wa Ruto ni halali.

Ila hiyo ilikuwa ya urais pekee. Fomu ya MCA, mwakilishi wa wadi, ilibaki pale mlangoni, na Jumatano mvua ikanyesha.